Rungwa: Ngome ya Miti na Binti Aliyeirithi

Mwambie mtu kwamba wewe na mchumba wako mnakwenda Rungwa, uone. Swali la kwanza: "Kuna nini huko?" La pili, kama ni shoga yako wa karibu: "Kwani mmegombana?" Maana sisi watu wa mjini tukisikia safari ya wawili, akili inakimbilia Nungwi, Bagamoyo, au kwa wenye nazo, Dubai. Nungwi sawa. Rungwa? Hapo anadhani umekosea herufi.

Basi mpenzi msomaji, sijakosea herufi. Rungwa ni kijiji cha njia panda kusini mwa mkoa wa Singida, wilaya ya Manyoni, katikati ya pori ambalo ukiliangalia kwenye ramani unaona kijani tupu. Barabara moja inakuja kutoka Itigi na reli ya kati. Nyingine inashuka Makongolosi, Chunya hadi Mbeya. Ya tatu inakatiza kwenda Ipole, Sikonge na Tabora. Sisi tulikuwa tunatoka Mbeya kwenda Tabora, mimi nikatambulishwe kwa babu na bibi wa mchumba wangu kabla mambo ya mahari hayajaanza. Tulipanga kulala Rungwa usiku mmoja. Tukalala mitatu.

Lakini kwanza nikueleze habari ya kalenda.

Mchumba wangu ana RAV4 aliyoiagiza Japani, mtumba kama za wengi wetu, kioo cha mbele bado kina stika ya maandishi ambayo mpaka leo hakuna anayejua yanasema nini. Muuzaji alimtumia na kalenda. Mwaka wake umeshapita zamani lakini haitoki ukutani, kisa picha moja tu: jumba jeupe juu ya kilima, mapaa yamebebana ghorofa juu ya ghorofa kama ndege anayetaka kuruka. Ni ngome ya Himeji. Habari zake kazikariri zote. Kwamba umbo lake la sasa lilikamilika mwaka 1609 chini ya bwana mmoja aliyeitwa Ikeda Terumasa. Kwamba ukiondoa ile chokaa nyeupe, mifupa yake ni mbao. Kwamba UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1993. Kwamba Japani nzima imebaki minara 12 tu ya asili. Kila mgeni akija sebuleni lazima asomewe, na mwisho wa somo kauli ni ile ile: "Wenzetu wana historia, bwana. Sisi babu zetu walijenga matembe."

Mnyamwezi mzima huyo, mtoto wa Tabora, anasema hivyo! Mimi Mchaga nilikuwa namwangalia tu.

Safari yenyewe haina mbwembwe. Mpaka Makongolosi ni lami, unapita nchi ya wachimba dhahabu. Baada ya hapo ni vumbi na miombo, miombo na vumbi. Tulipita mwishoni mwa Septemba, wakati ambao miti inachipua kabla hata mvua haijagusa ardhi, na majani mapya hayawi ya kijani, yanakuwa mekundu kama shaba. Yaani unaendesha gari ndani ya pori lililopakwa rangi ya machweo saa nne asubuhi. Hakuna hoteli ya nyota tano inayoweza kukupa hicho. Inachokupa pia, na hili nalisema wazi, ni mbung'o. Wanalifukuza gari kama wanadai nauli. Bluu na nyeusi ndizo rangi wanazozipenda, na mimi nilivaa jinzi mpya.

Pembeni ya kijiji kuna Pori la Akiba la Rungwa, zaidi ya kilomita za mraba 9,000, na limepakana na Kizigo na Muhesi. Hifadhi ya Ruaha, ile ambayo watalii wanaijua, ilimegwa kutoka hapo mwaka 1964. Ukitaka habari za simba na tembo, majarida yamejaa. Mimi nataka kukupeleka kwa babu mmoja muuza asali.

Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba, asali imepangwa kwenye chupa za maji, mizinga ya magome imelala kando.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyu ndiye mke wangu mliyeniletea?"

Tukacheka. Akauliza kwetu. Mchumba wangu akajitaja: Mnyamwezi, wa Unyanyembe. Mzee akamtazama toka juu mpaka chini.

"Ahaa. Ninyi ndio mliotutawala. Kaa chini."

Babu ni Mkimbu. Hili ni kabila ambalo wengi tunalipita bila kulijua, watu wa pori hili hasa: uwindaji, asali, mashamba ya kuhamahama, vijiji vilivyoachana mbali. Zamani nchi yao, Ukimbu, iligawanyika katika utemi mdogomdogo zaidi ya 30. Mpaka alipokuja mtu mwenye chongo aliyeitwa Nyungu ya Mawe.

Nyungu ni chungu. Wale mliopiga nyungu wakati wa korona mnakijua. Sasa chungu cha kawaida kikianguka kinavunjika, huyu akajiita cha mawe. Alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, pale Tabora. Mtemi wao Mnywa Sele aligombana na wafanyabiashara Waarabu juu ya ushuru wa misafara, akaondolewa kwenye kiti, akapigana vita vya porini miaka kadhaa, mwisho akakamatwa na kukatwa kichwa mwaka 1865. Nyungu hakukubali kukaa chini ya waliobaki. Akaondoka na kukusanya ruga-ruga, yaani vijana wasio na kwao: yatima wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha mizigo njiani, kila mmoja na gobori lake. Katika miaka ya 1870 akaingia Ukimbu. Ilipofika kama mwaka 1880 alikuwa na nchi ya maili za mraba 20,000 hivi. Chukua Rwanda, weka Rwanda nyingine juu yake, ndiyo hiyo.

Simpambi. Utajiri wake ulikuwa pembe za ndovu, na nyuma ya pembe kulikuwa na vijiji vilivyochomwa na watu waliouzwa. Inasimuliwa kwamba vitani aliwaita askari wake magogo, na mstari wa mbele ukianguka alitaka magogo mengine yaongezwe motoni. Babu aliposimulia hapo hakucheka, na sisi hatukucheka.

Makao yake yalikuwa Kiwele, kaskazini ya Rungwa. Mchumba wangu, kama unavyoweza kukisia, akauliza swali la kalenda: "Ngome ilikuwa ya nini, babu? Mawe?"

"Mawe ya nini? Miti."

Ndipo mzee akatueleza boma la huku linavyojengwa, kwa mikono, anachora mchangani kwa kijiti. Magogo ya miti migumu yanachimbiwa chini yakibanana, bega kwa bega. Nyufa zinazibwa kwa udongo. Nje unaweza kuotesha minyaa, ambayo utomvu wake ukiingia jichoni ni kasheshe, hakuna adui anayeipenda. Ndani kuna nyumba, ghala, mifugo, na katikati kabisa, kwenye ua wake, ikulu. Ndiyo, ikulu. Neno tunalolitaja kila siku kwenye taarifa ya habari, tukimaanisha pale Magogoni na Chamwino, ni neno la watemi wa nyanda hizi. Kiswahili kimelichukua huku, na wengi wetu hatujawahi kujiuliza limetoka wapi.

Boma la miti lina maisha yake. Mchwa wanakula, moto wa pori unapita, na katika utemi wa nyanda hizi mtemi mpya mara nyingi alijenga makao mapya, ya zamani yakaachwa yarudi kuwa pori. Kwa hiyo usitegemee mnara. Baadaye Waingereza waliwahamisha watu wengi wa pori hili kwa ajili ya malale, magonjwa ya huyu huyu mbung'o, na sehemu kubwa ikageuka nchi ya wanyama. Tembo wanakula majani mahali ambapo pembe za babu zao zilihesabiwa.

"Sasa unaona?" mchumba wangu akaniambia usiku gesti. "Ndicho ninachosema. Hakuna kilichobaki."

Nikamwambia akamsome vizuri huyo Mjapani wake. Maana na mimi nilikuwa nimeshaanza kupekua. Mwaka 1873, wakati Nyungu anajikusanyia nguvu huku, serikali mpya ya Meiji kule Japani ilitoa amri ya kufuta ngome. Nyingi zilibomolewa, mbao na vigae vikauzwa. Ule mnara wa Osaka wanaopanga foleni kuupiga picha ni zege ya mwaka 1931, una na lifti ndani. Wa Nagoya uliungua kwa mabomu mwaka 1945, huu wa sasa ni zege ya mwaka 1959. Na hekalu lao tukufu kuliko yote, la Ise, ni la mbao, na desturi yake iliyoanza karne ya 7 ni kulijenga upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Hakuna Mjapani anayesema Ise haina historia eti kwa sababu mbao ni mpya. Kilichokaa muda mrefu pale ni watu wanaojua namna ya kujenga, na namna ya kuwaachia wengine.

Akanyamaza. Kwa mara ya kwanza kalenda ilikosa jibu.

Siku ya pili tulirudi kwa babu, na hapo ndipo alipotaja jina ambalo sikuwahi kulisikia darasani hata siku moja: Mugalula.

Twende taratibu hapa. Desemba 1884 walikufa wakubwa wawili wa nchi hizi. Mmoja ni Mirambo wa Urambo, ambaye sote tumemsoma, hata mitaa inaitwa kwa jina lake. Mwingine ni Nyungu. Wiki hizo hizo Carl Peters alikuwa Usagara akiwawekesha watemi alama kwenye mikataba, na Berlin wazungu walikuwa wamekaa mezani tangu Novemba wakipanga mambo ya Afrika. Yaani ubaya wa wakati wa kufa, usipime.

Kiti cha Mirambo kilikwenda kwa ndugu yake, Mpandashalo. Himaya ile kubwa ilianza kumeguka karibu mara moja, maana iliyoishikilia ilikuwa ni Mirambo mwenyewe, mguu wake na bunduki yake. Kiti cha Nyungu kilikwenda kwa binti yake. Mugalula akakalia nchi ile yote, ruga-ruga wale wale waliofundishwa kuitwa magogo, pembe, misafara, na haikumeguka. Himaya ya Nyungu ilisimama zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake. Haikuanguka kwa vita vya kugombea urithi. Wajerumani ndio walioivunja mwaka 1895, na walifanya hivyo kwa kuurudisha utemi mdogomdogo ukajitegemea tena.

Iliwezekanaje? Siri ni ya kiofisi kabisa, na wewe unayefanya kazi benki au wizarani utaielewa haraka kuliko mwanahistoria. Nyungu hakutegemea uwepo wake. Juu ya ule utemi wa Wakimbu aliweka watwale, watu wake mwenyewe, sita au saba hivi, kila mmoja na eneo linalojulikana. Watemi wa zamani hawakufukuzwa wote, ila walikaa chini ya mtwale. Pembe zilikusanywa kwa mtwale, kutoka kwa mtwale zikaenda Kiwele. Ukiondoa mkubwa juu, mashine bado inazunguka. Ndiyo ngome yenyewe hiyo, ambayo mchwa hawakuiona. Lakini ilihitaji mtu wa kuikalia asiyetetereka, na mtu huyo alikuwa mwanamke.

Wala hakuwa peke yake katika nchi hizi. Pale Tabora, Mtemi Isike alizingirwa na Wajerumani katika boma lake, na Januari 1893, Luteni Tom Prince alipoingia, Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani. Kisa hicho tunakijua, na anastahili. Aliyewekwa kwenye kiti cha Unyanyembe baada yake ni Nyaso, mwanamke. Hilo nani kakufundisha?

Sasa niseme kwa nini jina hili lilinikaa kooni.

Baba yangu alifariki tukiwa mabinti watatu, hakuna wa kiume. Siku ya kuanua tanga, baba mkubwa alisimama akasema kihamba kitaangaliwa na mtoto wake, kwa sababu sisi "tutaolewa, na ardhi haiolewi." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Kuna tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 linalopanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kiume mkubwa daraja la kwanza, wadogo zake wa kiume la pili, na mabinti, hata wakiwa wakubwa kwa umri, la tatu. Baba mkubwa alikuwa nalo kwenye bahasha. Tunasema "ndivyo mila zetu zilivyo", kana kwamba mila zote za nchi hii zilikaa kikao kimoja zikakubaliana. Huku porini, miaka 79 kabla ya tangazo hilo, mbabe wa vita mwenye chongo aliacha nchi ya Rwanda mbili, na aliyeikalia ni binti. Na ikasimama.

Usiku wa tatu nilimuuliza mchumba wangu. Taa imezimwa, nje fisi anajiimbia. "Na sisi tukijaaliwa mabinti watupu?"

Kimya kirefu.

"Wazee wangu watasema," akajibu.

"Nimekuuliza wewe."

"Nipe muda."

Nilimpa. Wasomaji wa kurasa hizi mnapenda niwaambie kwamba alinikumbatia akaapa hapo hapo. Hakuapa. Ila ninamheshimu zaidi aliyeomba muda kuliko anayekurushia jibu tamu alale. Nawashauri wachumba wote, kabla hamjafika kwenye rangi ya kamati, ulizaneni swali hili. Na mkaliulize mbali na nyumbani, mahali ambapo simu haishiki vizuri na hakuna mama mkwe wa kumpigia.

Asubuhi tuliondoka kwenda Ipole. Njiani alikuwa anauliza mambo peke yake kwa sauti: wale watwale walilipwaje, nani aliwakagua, pembe ngapi zilipotea njiani. Nikajua limemwingia. Kule Tabora, babu yake alipotajiwa Nyungu alinyoosha mgongo kwenye kiti, akasema huyo ni wa kwetu huyo, akaanza kutaja majina ya watemi mmoja baada ya mwingine, na mjukuu wake akatoa simu akaanza kurekodi. Mugalula naye alikuwemo kwenye orodha ya mzee, bila kuulizwa. Tabora yenyewe mkifika msiache kwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ni tembe zuri, lina milango ya nakshi, na ni tembe kweli, mchumba wangu alilipiga picha nyingi.

Kwa mtakaokwenda: jazeni mafuta kabisa Makongolosi au Itigi, na mbebe matairi ya akiba mawili. Msipite wakati wa masika, barabara inakuwa bwawa. Nguo za kaki au kijani kibichi kilichofifia, jinzi acheni nyumbani. Gesti ni za kawaida, shuka njooni nazo. Kwenye pori la akiba huwezi kujiingilia tu, kibali ni lazima. Mkikutana na mzee, salamu kwanza, maswali baadaye, na msimkimbize.

Asali nunueni kwa lita, siyo kwa chupa. Sisi tulichukua lita tano. Moja tulimpelekea bibi Tabora. Nne nilizituma Marangu kwa mama yangu, ambaye bado anakaa kwenye kile kihamba, na shauri halijaisha.